Makapi Yanayochagua Wanaume

Jicho la kulia la Twalibu nililipiga mimi. Nalisema mapema, usije ukafika katikati ukadhani nakuficha kitu. Nilikuwa juu ya dungu langu asubuhi, teo mkononi, na nililenga ndege. Ndege walikuwa kama mia tatu. Twalibu alikuwa mmoja. Nikampata yeye.

Kwa asiyejua mashamba yetu ya mpunga hapa delta, upande huu wa Salale, nieleze kidogo. Mpunga ukishatoa masuke, mwezi wa tano na wa sita, hatukai majumbani. Tunahamia shambani, kila mtu na dungu lake, kibanda kilichonyanyuliwa juu ya nguzo za mikoko, na kazi inakuwa moja tu: kuamia. Unakaa kule juu toka alfajiri mpaka magharibi ukifukuza ndege kwa kelele, kwa debe bovu na kwa teo. Teo ni kamba yenye kitako katikati. Unaweka donge la udongo, unazungusha juu ya kichwa, unaachia ncha moja, na donge linaondoka likivuma kama nyuki aliyetukaniwa mama yake.

Watu wenye akili hutumia udongo mbichi. Ukimpata mtu unampaka matope, mnacheka, basi. Mimi madonge yangu nilikuwa nayachoma jikoni mpaka yanakuwa mekundu na magumu kama tofali. Yanakwenda mbali hayo! Nilikuwa najisifia nayo mashamba yote. Ndiyo maana nasema nililipiga mimi, silisingizii teo.

Twalibu ni jirani yangu wa dungu na mtani wangu. Yeye Mmatumbi wa vilimani, alikuja huku kumfuata mkewe Mwanawetu, akaja na cherehani moja kwenye mtumbwi. Toka siku aliyoshuka, mimi ndiye niliyemwambia kwamba watu wa vilimani wakiona maji mengi wanadhani ni mvua imelala, na yeye ndiye aliyenijibu kwamba Wandengereko tunaoga kila siku na bado tunanuka kamba wabichi. Tukawa marafiki hapo hapo.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilihangaika. Mtu akimpiga jirani kwa donge wakati wa kuamia, hakuna polisi wala mjumbe. Yuko Bi Subira, mkubwa wa madungu yetu. Anaziita pande mbili. Aliyepiga anapika, wote mnakula sinia moja, halafu donge lenyewe linafukiwa kwenye tuta linalotenganisha mashamba. Likishafukiwa, halisemwi tena. Mgeni akiuliza jicho limefanya nini, jibu ni moja: kapi. Kapi la mpunga liliingia.

Na atakayelisema donge lililofukiwa, msimu unaofuata haitikiwi.

Hilo si jambo dogo. Kule shambani tunaishi kwa kuitana. Nguruwe wakiingia, kiboko akipanda, mtu anaita "Hooo!" na jirani lazima aitike "Hooo!" hata kama mna ugomvi. Mimi nimeachwa na waume wawili, na mafuriko yamenichukulia nyumba pamoja na kuku aliyekuwa ameatamia, na yote hayo nimeyacheka. Lakini kuita shambani usiitikiwe, hapana. Hilo sikuwa nimelijaribu na sikulitaka.

Basi nikapika, tukala, donge langu jekundu likafukiwa. Jicho la Twalibu lilikuwa limejaa damu wiki nzima, kisha damu ikaisha, likaonekana zima. Tukavuna.

Ilikuwa mwezi wa kumi alipofika Daktari Faudhia.

Alikuja na boti, na wenzake wawili, masanduku manne, na kofia kubwa iliyopeperuka mara tu aliposhuka. Mimi ndiye niliyeikimbilia kwenye tope, ndiyo tukajuana. Alikuwa anafanya utafiti: watu wa delta wanaumiaje macho, wanaumizwa na nini, na majeraha gani hayagunduliki mpaka muda umepita. Alitaka mwenyeji wa kumpitisha nyumba kwa nyumba.

"Nimeambiwa wewe unamjua kila mtu," alisema.

"Namjua kila mtu na kila mtu ananikwepa," nikamjibu. "Utaniajiri hivyo hivyo?"

Akaniajiri hivyo hivyo.

Tulikaa kwenye darasa la shule siku tatu. Ukutani kulikuwa na chati ya alama kama vitana vyenye meno matatu, vikubwa juu, vidogo chini. Mtu anaziba jicho moja, anaonyesha kwa mkono meno ya kitana yameelekea upande gani. Kisha daktari anagusisha kijikaratasi chenye rangi kwenye jicho, jicho linakuwa la njano kama embe, anamulika taa ya buluu, na kama kuna mkwaruzo unang'aa kijani. Mimi nilipenda hiyo taa kuliko kitu chochote. Niliomba animulike hata meno.

Mpangilio wake ulikuwa huu. Aliyekwaruzwa juu ya jicho, kwa kapi au kibanzi, anatibiwa pale pale. Aliyepigwa na kitu kizito, au mzee mwenye mtoto wa jicho, lazima aende Kibiti, maana mashine kubwa ya kutazama ndani ya jicho na kupima presha yake ilibaki kule. Boti ilikuwa na nafasi tisa za wagonjwa, na ingeondoka Alhamisi asubuhi na maji kujaa, mpaka Nyamisati, halafu gari. Baada ya hapo hawarudi mpaka mwezi wa sita.

Watu wakaja.

"Jicho liliumizwa na nini, baba?"

"Kapi."

"Na wewe, kaka?"

"Kapi, daktari."

"Na wewe?"

"Kapi. Kapi kubwa."

Mimi nilikuwa nimeshika karatasi za majina, naangalia nje dirishani kama niliyeitwa na mbuzi. Mmoja tu alisema mwiba wa kamba, mwingine kibanzi cha mkoko, na mmoja alisema mke wake, ambaye alikuwa amekaa nyuma yake, na akamwambia, "Sema na sababu basi!"

Jumatano mchana akaingia Twalibu. Alivaa shati alilojishonea mwenyewe, kola ikiwa imekaa begani. Toka mavuno kazi zake zilikuwa zimeanza kwenda pembeni. Suruali ya mwalimu mguu mmoja ulikuwa unafika Kiongoroni, mwingine umebaki Salale. Tulikuwa tunacheka, na mimi nilikuwa nacheka kuliko wote, kwa sababu kila nilipomwona anatafuta tundu la sindano kwa ncha ya uzi, mara tatu, mara nne, nilikuwa nalikumbuka donge langu jekundu.

"Jicho liliumizwa na nini?" Daktari Faudhia akauliza.

Twalibu akanitazama kwa lile zima. "Kapi."

"Una uhakika? Mboni yako haina umbo zuri. Hukupigwa na kitu?"

"Aa, hiyo mboni ndivyo nilivyozaliwa. Kwetu vilimani tuko hivyo wengi. Kapi limeongeza tu."

"Linauma?"

"Hata kidogo."

Hapo hakusema uongo. Daktari akamulika, akasita, akamulika tena. Nje kulikuwa na watu arobaini wanaotiana viwiko. Akaandika kapi, akampa dawa ya kupaka, akamwambia wataonana mwezi wa sita. Twalibu aliponipita akanong'ona, "Wali wako ulikuwa mbovu, lakini niliula. Tulia."

Nikatulia. Nilitulia mpaka wakati wa kula.

Tulikuwa kwenye kibaraza cha shule, wali na kamba wa nazi, daktari ameweka kishikwambi chake mapajani anapiga hesabu za utafiti.

"Sihaba," akasema, "huku kwenu anayepepeta mpunga ni nani?"

"Wanawake. Mwanamume akishika ungo watu wanakuja kumpiga picha."

"Mh. Hapa nina watu thelathini na wanne walioumia macho. Thelathini na mmoja wanasema ni kapi. Ishirini na sita kati yao ni wanaume."

Kamba akanikwama kooni.

"Mnavuna lini?"

"Mwezi wa saba," nikasema, nikikohoa.

"Na hawa wote waliumia mwezi wa tano na wa sita. Kwa hiyo makapi ya kwenu yanaruka kutoka kwenye suke kabla halijavunwa, yanawaacha wanawake wenye ungo, yanawachagua wanaume." Akanisogezea glasi ya maji. "Sikuombi jina la mtu. Mimi si polisi. Lakini nieleze kitu kimoja: hapa kuna watu waliopigwa?"

"Daktari, kwani kapi na pigo vina tofauti gani? Jicho si jicho?"

Akafunga kishikwambi. Nilidhani atakasirika, kumbe alikuwa anatafuta maneno.

"Ninyi mnajua mifereji. Jicho lina maji yake, yanaingia ndani na yanatoka kwa mfereji mdogo pembeni. Kapi linakwaruza juu, unaliona, unalitibu. Pigo linatikisa ndani. Mfereji wa kutolea maji unaweza kuchanika, na ukipona unaziba. Maji yanaingia, hayatoki vizuri, presha inapanda kidogo kidogo. Haliumi. Mshipa ulioko nyuma unabanwa, unakufa uzi mmoja leo, uzi mmoja kesho. Mtu anacheka na watu huku anapofuka. Na uliokwisha kufa hatuna dawa ya kuufufua."

"Mtu wa namna hiyo akingoja mpaka mwezi wa sita?"

"Mwezi wa sita nitakuja kumwandika kipofu wa jicho moja. Nimeandika wengi."

Nikaangalia sinia. Mwanawetu alikuwa amenieleza wiki mbili nyuma, huku anacheka, kwamba mumewe siku hizi akitazama taa anaona duara la rangi limeizunguka, kama upinde wa mvua. Tulikuwa tumemtania kwamba ameoteshwa utajiri.

"Na mtu akiona rangi zimezunguka taa?" nikauliza.

Daktari Faudhia akanigeukia. "Ni nani?" akasema.

"Hakuna mtu," nikasema. "Nauliza tu."

Nikainuka, nikaenda moja kwa moja kwa Twalibu. Alikuwa kwenye cherehani, ameinamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza mnyoo.

"Wee Mmatumbi, vaa viatu. Kamwambie daktari ukweli."

"Ukweli gani?"

"Unaujua."

"Mie najua kapi." Akakanyaga pedali, cherehani ikalia trrr, mshono ukaenda zake pembeni. "Sihaba, tulikula sinia moja. Bi Subira alikuwepo. Limekwisha."

"Halijakwisha! Jicho linakufa hilo. Daktari kasema uzi mmoja mmoja. Unaona upinde wa mvua kwenye taa, unadhani ni Idi?"

Mwanawetu akatoka ndani na mwiko mkononi, na nikaona kwamba alikuwa anasikiliza.

"Nikisema mie," Twalibu akasema polepole, "watasemaje? Watasema tulimpokea, tukampa shamba, tukampa binti yetu, leo kaja kutufukua. Wewe ukikosa kuitikiwa utarudi kwa ndugu zako. Mie nina ndugu gani huku? Mke mmoja na cherehani."

"Na jicho moja," Mwanawetu akasema. "Hilo la pili umeshaligawa."

"Nyamaza, mke wangu."

"Sinyamazi."

Lakini alinyamaza, kwa sababu na yeye alizaliwa hapa na desturi anaijua. Twalibu akajaribu kutunga uzi. Alikosa mara tano, nilihesabu, kisha akautia mdomoni kana kwamba ndiko alikokuwa anaupeleka toka mwanzo.

Nilirudi nyumbani nikifikiri. Nimepigwa na maisha vya kutosha kujua kwamba kila katazo lina maneno yake, na maneno hayo ni lazima uyapime kama kitambaa. Desturi inasema donge halisemwi. Anayelisema haitikiwi. Sawa. Haikusema kitu kingine.

Alhamisi kulipopambazuka nilichukua jembe nikaenda shambani.

Tuta lile nililijua, lakini mahali penyewe nilikuwa nimepasahau kidogo. Nikachimba karibu na mzizi, nikapata donge. Si langu, la kijivu. Nikachimba hatua mbili mbele, nikapata lingine, limekaa na kipande cha sahani ya zamani, sijui walikula nini hao. La tatu likavunjika mkononi. Tuta lile lilikuwa na madonge kuliko viazi! Nikasimama na jembe langu nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikaishia njiani, maana kila donge lilikuwa na jicho lake. Daktari alikuwa na watu thelathini na mmoja kwenye kishikwambi. Waliofukiwa madonge yao mle walikuwa wengi zaidi, na wengine walikuwa wameshakwenda kaburini wakisema kapi.

Langu nililipata la tano. Jekundu, gumu, zima kama siku niliyolitoa jikoni. Nikalifunga kwenye pindo la kanga nikakimbia.

Boti ilikuwa imejaa. Wagonjwa tisa wamekaa, wengi wao wazee wa mtoto wa jicho, masanduku yameshapakiwa, nahodha Haruni anamimina mafuta kwenye injini, na kijiji kizima kimesimama kwenye tope kuaga, kwa sababu huku kwetu hata anayekwenda kununua chumvi anaagwa. Twalibu alikuwepo. Bi Subira alikuwepo, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Na mimi nilikuwa na nafasi yangu kwenye boti, nafasi ya mwenyeji. Nilikuwa naisubiri safari hiyo. Nilishapanga nitakula chipsi Kibiti mpaka niombe msamaha.

Nikapita katikati ya watu, matope mpaka magotini. Kwenye mapaja ya Daktari Faudhia, aliyekwisha kukaa botini, kulikuwa na ile sahani yake ya chuma ya vifaa. Nikafungua pindo, nikaweka donge. Likagonga: ngo!

Sikusema neno. Nikamshika Twalibu mkono, nikamvuta mpaka ukingoni mwa boti, nikamsimamisha mbele ya daktari kama mtoto anayepelekwa kuandikishwa shule.

Hata injini ilionekana inasikiliza.

Daktari akalichukua donge, akalipima mkononi. Akalisogeza karibu na jicho la Twalibu, akaangalia donge, akaangalia jicho, donge, jicho.

"Hili ndilo kapi?" akauliza.

Twalibu akanitazama mimi, akamtazama Bi Subira, akajikuna shingo. "Daktari," akasema, "makapi ya Salale yameshiba."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, kikazimwa hapo hapo.

"Sihaba," Bi Subira akaita bila kuinuka. "Umefukua."

"Shikamoo, Bi Subira. Nimefukua. Lakini sikusema. Nimechimba tu."

"Unanifanyia mchezo wa maneno?"

"Sijasema hata moja, bibi. Waulize hawa."

Bi Subira ana macho ya kijivu, na siku ile yote mawili yalinikaa usoni. "Wafukuaji tunawajua," akasema. "Msimu ukifika utaita. Tutaona nani atakuitika." Watu wakatazama chini. Neno lilikuwa limeshatoka, na la Bi Subira likishatoka halirudi ndani.

"Nafasi zimekwisha," Haruni akasema. "Tisa, na mwenyeji."

"Mwenyeji anashuka," nikasema, ingawa sikuwa nimepanda. Nikamsukuma Twalibu kiunoni, akaingia kichwa kwanza. "Nenda. Na ukifika Kibiti kula chipsi zangu. Usimpe mtu."

Boti ikaondoka. Mwanawetu alisimama kando yangu akilia na kunifuta matope kwa wakati mmoja, akawa anahamishia matope usoni kwake.

Siku ya pili Twalibu akapiga simu, mtandao unakatika katika.

"Wametazama ndani!" Twalibu akapaza sauti, kama vile Kibiti na sisi tunaongea kwa mdomo mtupu. "Mboni imechanika pembeni! Halafu kioo cha ndani kimefanya ukungu, daktari kanionyesha picha, umekaa kama ua! Ua zuri kabisa! Nimekushukuru kwa ua!"

"Na presha?"

"Mara mbili ya inavyotakiwa. Napelekwa Dar." Halafu sauti ikashuka. "Kasema ningengoja, basi. Sihaba... chipsi zako zilikuwa baridi."

Walimtoa kile kioo chenye ukungu, wakamwekea kingine, na mfereji wakautengeneza walivyoweza. Daktari Faudhia alinieleza mwenyewe kwa simu, bila kunipambia maneno: sehemu ya mshipa ilikwisha kufa, na iliyobaki italindwa na matone kila siku, maisha yake yote. Jicho litaona. Halitaona kama zamani. Halafu akaniambia kwamba kwenye kishikwambi chake, palipoandikwa kilichoumiza, ameongeza mstari mpya: donge la teo. Na swali jipya: uliumia mpunga ukiwa bado shambani, au baada ya kuvunwa?

"Hilo la pili ni zuri," nikamwambia. "Hilo watu watalijibu bila kufukua donge la mtu."

Nilidhani kijiji kizima kitafunguka. Hakikufunguka. Watatu walinifuata mmoja mmoja, kwa kisingizio cha kuazima chungio, wakauliza hiyo mashine iko Kibiti siku gani. Wengine wakaendelea na kapi lao. Na wa nne, Ijumaa moja nilipokuwa nachambua dagaa, alikuwa Bi Subira. Akakaa. Akasifu dagaa, ambao walikuwa wabaya.

"Hiyo mashine," akasema akitazama barabarani, "inaona na la zamani? La miaka arobaini?"

"Itajaribu, bibi."

"Si langu. Nauliza tu."

"Najua, bibi. Na mimi nilianza hivyo hivyo."

Akaondoka bila kuaga, na adhabu yangu hakuifuta.

Mwezi wa tano tukapanda madunguni. Nilikuwa na rundo la madonge mabichi, yamelowa, ukiyatupa yanapasukia njiani kama maandazi. Ndege walikuwa wanayakwepa kwa heshima tu. Siku ya kwanza niliita "Hooo!" Kimya. Siku ya pili, kimya. Nikaona kofia za watu zinageuka kwenye madungu, kisha zinatazama kwingine. Siku ya tatu sikuita. Nililiimbia debe langu, nikajichekesha, nikajichoka.

Siku ya nne, jua ndiyo kwanza linachomoza, nguruwe watatu wakaingia upande wa mto. Wakubwa, wameshiba, wanakula mpunga wangu kwa utulivu kama waalikwa. Nikapiga debe. Wakainua vichwa, wakainamisha. Nikaita.

"Hooo!"

Umande unadondoka. Nguruwe wanatafuna.

"Hooo!"

Na kutoka dungu la jirani ikaja sauti, kali, ya kutoka vilimani: "Wee Mndengereko! Mlenga macho! Hata nguruwe wamekuona huna shabaha!"

Akaruka kutoka dunguni na fimbo mbili na mbwa, nguruwe wakatimka, mbwa nyuma yao, matope yakaruka mpaka kwenye masuke. Kutoka mbali nikasikia sauti ya Bi Subira: "Twalibu! Umemwitika!"

"Sijamwitika, Bi Subira!" Twalibu akapaza. "Namtukana tu! Ni mtani wangu!"

Halafu dungu moja likaguna, la pili likacheka, na nadhani la Bi Subira ndilo lililokohoa.

Twalibu akasimama kwenye tuta, kwenye yale yale madonge, akaweka kiganja usoni. Nilidhani anajifuta jasho. Kumbe alikuwa ameziba jicho la kushoto, lile zima, na ameinua uso kuelekea kwangu, anakunja kope, anatafuta.

"Nakuona!" akasema.

"Unaona nini, mwongo wewe?"

"Ukungu ukungu, lakini nakuona. Umevaa kanga kinyume. Maandishi yako ndani!"

Nikajitazama. Kweli.